Malenge Kwenye Kiti cha Mbele

Kwa miaka saba, fundi Abdulatif wa Majengo, Nyeri, alimwendesha mke wake kama bosi. Yeye mbele peke yake, Zuena nyuma, leso mabegani, mkoba mapajani, akiitazama kahawa ya watu ikipita dirishani. Ukimwona hivyo ungedhani ni mke wa mkuu wa wilaya anapelekwa kufungua shule. Na watu walidhani hivyo kweli. Kwenye harusi moja Nanyuki wenyeji walimpokea Zuena kwa vigelegele, wakamkalisha na wageni wa heshima, na Abdulatif wakamwonyesha mahali madereva wanapokula, nyuma ya jiko, karibu na banda la kuku. Alikula. Pilau ilikuwa nzuri lakini haikumshuka vizuri.

"Mbona hukuwaambia mimi ni nani?" alimuuliza mkewe wakirudi.

"Hawakuniuliza," Zuena akajibu kutoka nyuma.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa kioo. Mwaka wa sitini na nne walikuwa wakitoka soko la Karatina na Peugeot yao, Abdulatif kwenye usukani, Zuena kando yake, na nyuma kabisa Warigia, muuza viazi, aliyeomba lifti yeye na magunia yake mawili. Kwenye mteremko wa Marua gari likayumba. Abdulatif akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na Zuena akarushwa mbele, paji la uso likakutana na kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Kioo chenyewe kilishikwa na mkono wa chuma, na mkono wa chuma ulishikwa na skrubu mbili, na aliyezikaza huko kiwandani alikusudia kisitoke. Hakikutoka. Zuena alishonwa nyuzi nne juu ya nyusi ya kulia, na Warigia akapanda gari jingine na viazi vyake, mzima kabisa.

"Ni kondoo," Abdulatif alimwambia daktari. "Aliruka barabarani ghafla."

Daktari alikuwa anashona, hakuwa na haja na kondoo. Zuena naye hakusema neno. Lakini aliporuhusiwa kwenda nyumbani aliupita mlango wa mbele wa gari kana kwamba haupo, akafungua wa nyuma, akaketi.

"Mbele sikai tena," alisema. "Na wewe unajua kwa nini."

Abdulatif alijua, au alijitia kujua. Ni kile chuma. Kuna watu ukiwaonyesha chozi wanakimbilia spana, naye alikuwa mmoja wao, tena hodari. Hakuna injini iliyowahi kumshinda kuanzia Karatina mpaka Naro Moru. Ingemshindaje skrubu mbili? Angetengeneza kishikio cha kioo ambacho kikigongwa na kichwa cha mtu kinaachia chenyewe, kioo kinaanguka, kichwa kinabaki salama. Mke atarudi mbele, na habari ya kondoo haitahitaji kuzungumzwa tena. Hilo la mwisho hakulisema hata kwa nafsi yake, lakini lilikuwamo.

Akaanza na gundi ya miti ya miwati. Kioo kilikaa vizuri asubuhi yote, jua la saa saba lilipochoma kikateremka polepole mbele ya macho yake na kumwangukia mapajani akiwa anapita Ruring'u na mteja. Akaiacha gundi, akatumia kibanio cha nguo. Kibanio kilishika, lakini barabara zetu mnazijua. Kila shimo kioo kilitoka, kila kilipotoka alikirudisha, mpaka mkono mmoja ukawa wa usukani na mmoja wa kioo. Baada ya hapo alijaribu springi za kalamu, mpira wa baiskeli, hata kizibo. Miaka ikapita, Zuena akawa anapanda nyuma bila hata kuutazama mlango wa mbele.

Halafu ikaja barua kutoka Naro Moru. Binti yao Subira amejifungua mtoto wa kiume, akika ni Jumamosi, wakwe wote watakuwapo. Abdulatif aliisoma barua mara mbili. Furaha ya mjukuu ilimjaa kifua, na nyuma yake ikaja hofu. Alijiona anaingia uani kwa wakwe, mkewe anashuka kutoka nyuma kama malkia, na wazee wa watu wanamuuliza yeye kama amepata mahali pa kuegesha gari. Akaapa kwamba Jumamosi Zuena atakaa mbele. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano asubuhi, Zuena akiwa uani anafua, Abdulatif aliuona mkoba wa mkewe juu ya kabati. Ulikuwa mkoba wa zamani, wa ngozi nyeusi, na mdomo wake ulifungwa na vijipira viwili vya shaba vinavyopishana: ukivikutanisha vinalia tap na kushikana, ukivisukuma vinaachana. Akaufunga, akaufungua. Tap. Akaufunga tena. Mkoba ule ulikuwa umeanguka, umekaliwa na watoto, umesafiri mpaka Nanyuki ndani ya gari bovu, na haukuwahi kufunguka wenyewe hata siku moja. Lakini kidole kimoja cha mwanamke kiliufungua bila taabu.

Mtu mwingine angeomba. Abdulatif aliuchukua mkasi wa bati.

Kufikia Alhamisi asubuhi kishikio kilikuwa tayari, kijipira kimoja juu kwenye mkono wa chuma, kimoja nyuma ya kioo. Akakitikisa kwa mkono, kikatulia. Akafunga milango yote minne kwa kishindo, kikatulia. Kilichobaki ni kukijaribu kwa kichwa, na kichwa chake mwenyewe alikihitaji kuendeshea. Basi akajaza gunia la pumba, akalikalisha kiti cha mbele, na juu yake akaweka malenge kubwa zuri alilonunua sokoni. Malenge likawa linabiringika. Akaingia nyumbani kimyakimya, akachukua leso ya kwanza aliyoiona kwenye sanduku, akalifunga malenge kilemba, ncha zikapita chini ya kidevu, ikiwa malenge lina kidevu, na kukazwa kwenye gunia. Akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Likawa linapendeza.

Akawasha gari, akapita nalo katikati ya mji.

Yaliyotokea nyuma yake aliyasikia baadaye kutoka kwa Chiku, jirani yao, ambaye aliyasimulia bila haya hata kidogo. Chiku alikuwa anatoka kununua sukari. Akaona Peugeot ya fundi, akamwona fundi, na kando ya fundi akamwona mwanamke mnene amejifunga leso ya njano. Sukari akaisahau kwenye kaunta. Alifika kwa Zuena anahema.

"Mama Subira, dada yangu, kaa chini kwanza. Mumeo amepakia mwanamke. Mbele!"

"Mwanamke gani?"

"Simjui. Mnene, ana majivuno. Nimempungia mkono, hata shingo hakugeuza."

"Amevaa nini?"

"Leso ya njano, ya korosho. Nimeyasoma maneno: 'Mwenye wivu.' Hayo mengine yamefichwa na fundo."

Zuena akainuka. Aliingia chumbani, akafungua sanduku. Leso yake ya njano iliyoandikwa "Mwenye wivu ajinyonge" haikuwamo. Akanyoosha mkono achukue mkoba wake aende akaone kwa macho, na mkoba ukapanua mdomo kama kibogoyo, hauna kifungo.

"Ati na mkoba pia?" Chiku akashika kiuno. "Huyo mwanamke anahamia kwako kidogo kidogo."

Abdulatif hakuwa na habari. Alikuwa kwenye barabara ya Kiganjo, anatafuta mahali pa kupigia breki. Mbele kulikuwa na kizuizi cha polisi, na kwa kuwa kwenye kizuizi lazima usimame, aliona si vibaya kuunganisha mambo mawili. Akaongeza mwendo. Alipofika hatua ishirini hivi, akakanyaga.

Gunia likainama, malenge likaenda mbele na kilemba chake, likakipiga kioo katikati. Kioo hakikutoka. Kilitulia pale pale kama kilivyotulia mwaka wa sitini na nne, na malenge likapasuka, mbegu zikaruka mpaka kwenye usukani.

Askari aliyekuwa zamu aliitwa Wandera, mtu wa Busia, mrefu, mwenye huruma nyingi. Aliona kilemba kikiinama ghafla, akakimbilia upande wa abiria na kufungua mlango.

"Pole mama, pole sana, wacha nikusai..."

Nusu ya malenge ikajifungua kutoka kwenye leso na kuanguka juu ya buti zake. Wandera alipiga ukelele ambao wanawake waliokuwa ng'ambo wakichuma majani chai... la, huko hakuna majani chai. Waliokuwa wakipalilia viazi, waliusikia wakasimamisha majembe.

"Fundi!" alisema alipopata pumzi. "Hii ni nini umeniletea? Mimi niko na presha!"

"Ni malenge, afande."

"Naona ni malenge! Nauliza, malenge inaenda wapi imevaa kitambaa kama mama ya kanisa?"

Abdulatif ikabidi aeleze: kichwa, kioo, kishikio, mke, akika ya Jumamosi. Wandera alisikiliza akijipangusa mbegu kwenye buti. Mwishowe akaingiza kichwa ndani ya gari, akakitazama kioo, akaitazama ile nusu iliyobaki juu ya gunia.

"Na hiyo kioo haikutoka."

"Haikutoka."

"Sasa kama hapo ungekuwa umekalisha bibi yako..."

Hakumaliza, na Abdulatif hakumwomba amalize. Aliona paji la uso la Zuena na zile nyuzi nne. Akaokota malenge barabarani kipande kwa kipande, akageuza gari.

Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati chenye uwanja mbele, na katikati ya uwanja, juu ya gurudumu kuukuu, alikuwa ameketi Zuena. Mkoba ulikuwa mapajani, mdomo wazi.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Mwenye leso yangu."

Abdulatif akafungua mlango wa mbele. Zuena akasimama, akamtazama yule mwanamke: gunia la pumba, leso iliyolowa, nusu ya malenge. Alimtazama kwa muda mrefu. Abdulatif alingoja acheke, maana angecheka tu mambo yangekuwa yameisha. Hakucheka.

"Na huu?" akainua mkoba.

Abdulatif akaonyesha kioo kwa kidole.

"Mkoba wa marehemu mama, Baba Subira."

"Najua. Nisikilize. Nilitaka kioo kikiguswa tu kitoke, usiumie tena. Jumamosi ukae mbele, twende kwa wakwe kama watu." Maneno yalimtoka mbio, hayakupangana. "Nimejaribu gundi, nimejaribu kila kitu. Hiki kilikuwa kizuri, ila hakifunguki."

Zuena akaingia kwa magoti kwenye kiti cha mbele. Si kuketi, ni kupiga magoti tu, na Abdulatif aliyaona hayo. Akakisukuma kioo kwa kiganja. Kikakataa.

"Hakiwezi kufunguka. Umekisimamisha," alisema. "Hivi vijipira havifunguki vikisukumwa uso kwa uso. Vinafunguka kwa ubavu, kimoja kimpite mwenzake. Miaka ishirini navifungua kwa kidole gumba, nisijue? Kilaze."

Fundi ambaye hakuna injini iliyomshinda alichukua spana akakilaza. Zuena alimshikia skrubu kiganjani. Walipomaliza, yeye mwenyewe aliokota ile nusu ya malenge, akaigonga kwenye kioo, si kwa nguvu. Tap. Kioo kikaachia, kikaanguka juu ya pumba. Wakakirudisha, tap, kikashika. Abdulatif akafunga milango yote minne kwa kishindo, akaruka juu ya bampa ya mbele kama mtoto. Kioo kimetulia. Zuena akagonga tena. Kikaachia. Wakakirudisha mahali pake.

Miaka saba! Abdulatif alitaka kumkumbatia mtu. Aliburuta gunia likaenda huko, akapangusa kiti kwa mkono wa shati lake, akashika mlango wa mbele na kuinama.

"Haya, Mama Subira. Karibu."

Zuena akajipangusa pumba kwenye magoti. Akaupita mlango wa mbele, akafungua wa nyuma, akaketi.

"Lakini kimetoka!" Abdulatif alisema. "Umekiona mwenyewe!"

"Nimekiona. Kazi nzuri."

"Basi?"

"Basi nipeleke nyumbani, nina nguo za kuanua."

Akaendesha. Mikono ilikuwa mizito, na kwa mara ya kwanza tangu awe fundi hakujua afungue nini. Walipofika karibu na msikiti, Zuena akaongea kutoka nyuma, sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Yule kondoo alikuwa wa rangi gani?"

Hakuwahi kuuliza. Miaka saba hakuwahi kuuliza.

"Mweupe," alisema Abdulatif.

"Kwa imamu ulisema mweusi."

"Mweusi kidogo. Mwenye..."

Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameivuta kwa miaka saba na gundi ya miwati. Sasa ilikuwa imeisha, mbele yake pana ukuta wa msikiti. Akaegesha gari kando. Alimwona Zuena ndani ya kioo, na kovu lake, na macho yakingoja. Ikamjia aibu nzito mpaka masikio yakamwaka.

"Hakukuwa na kondoo," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa namtazama Warigia. Alikuwa anacheka, sijui alikuwa anacheka nini. Nikakigeuza kioo nimwone vizuri. Nilipoinua macho, kona ilikuwa imefika."

"Ulikigeuza kabla hata hatujafika Marua," Zuena akasema. "Nilikuwa nimekaa hapo hapo, Baba Subira. Mkono wako niliuona."

"Nisamehe. Ni upumbavu. Na sikukuambia kwa sababu..." Akatafuta sababu, akakuta hana. "Niliogopa tu."

"Kidonda cha chuma kiliniuma wiki mbili, kikapona. Hicho kingine nimengoja miaka saba. Neno moja tu! Nawe kila mwaka unaniletea springi."

Zuena akafungua mlango, akashuka. Abdulatif alijua anakwenda zake kwa miguu, na hakuona kosa lake. Angekuwa yeye angeondoka zamani. Akasikia hatua zikizunguka nyuma ya gari. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Zuena akaketi kando yake, akavuta sketi, akaweka mkoba uliofunguka mdomo mapajani.

"Chiku yule pale kwenye ua anachungulia," alisema. "Endesha polepole, aone vizuri mwanamke wako ni nani."

Jumamosi waliondoka asubuhi na mapema kwenda Naro Moru, mlima umejitokeza wote, theluji juu, hali ya hewa ya kubembeleza. Zuena alikuwa mbele, amevaa ile leso ya njano, imefuliwa. Hawajamaliza mji, akainamisha kichwa, akakigonga kioo kwa paji lake la uso, kwa makusudi, mahali pale pale penye kovu. Tap. Kikamwangukia mapajani. Akajigusa nyusi, akatazama vidole vyake. Safi.

Abdulatif akanyoosha mkono. "Haya, kirudishe basi. Sioni nyuma."

Zuena hakukirudisha. Alikiinua kwa mkono mmoja, akakigeuza upande wake, akarekebisha leso kwanza, kisha akakiinamisha mpaka akaipata barabara.

"Nyuma nitakuonea mimi," alisema. "Kuna lori la mbao, liko mbali. Na kando ya barabara kuna wasichana wawili wazuri sana, wanacheka. Usigeuke."

Abdulatif hakugeuka, ingawa shingo ilimwasha mpaka walipopita Kiganjo.